Eti "filamu inatufundisha nini?"

Jumamosi iliyopita tena, kwenye maonyesho yangu ya filamu. Watu kumi na nne, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, feni inayopiga kelele kuliko spika, na taa hazijawaka vizuri mkono ushanyooka. Kijana wa chuo, mstaarabu kabisa: "Kaka, nimeangalia, sawa, ila sasa hii filamu inatufundisha nini?"

Hilo swali nimelisikia miaka saba, na miaka saba nalijibu kwa upole. Leo upole umeisha, mnisamehe.

Najua linatoka wapi. Tumelelewa na bongo muvi, mchepukaji anapata ajali, mwizi wa mirathi anapata kichaa, mama wa kambo anatubu, maandishi ya kumshukuru Mungu yanapanda, haya kalaleni. Ila nendeni kibanda umiza chochote Mabatini, hapa Mwanza, leo jioni, jamaa mmoja anamaliza watu arobaini kwa bastola moja, DJ anatafsiri kwa vichekesho, watoto wanatafuna karanga, na hakuna hata mmoja anayeuliza funzo! Funzo linadaiwa pale tu filamu inapokukalia vibaya. Kwa hiyo mtu haulizi funzo, anaomba atolewe pale ilipomuacha.

Na msiniletee Sembène, maana kila mwaka yupo mmoja anayeniambia Ousmane Sembène mwenyewe alisema sinema ni shule ya usiku. Kweli alisema, na kweli aliingia kwenye filamu kwa sababu vitabu vyake vya Kifaransa watu wengi wa kwao Senegal hawakuweza kuvisoma. Sasa kaangalie mwisho wa filamu yake Xala, ya 1975. Tajiri kavuliwa nguo ndani ya nyumba yake, wale ombaomba aliowafukuza mjini wanamtemea mate mmoja mmoja, picha inaganda, basi. Hiyo shule ya wapi, mwalimu anatoka darasani hajafuta hata ubao?

Tuje kwenye kinachoniudhi zaidi. Watu wakisikia filamu ya kukera wanafikiria damu na uchi. Hapana bana. Kazi inayonilisha mimi ni kuediti harusi, sendofu na kipaimara, na ukiifanya muda mrefu unagundua kwamba unalipwa kwa kitu kimoja tu, kuondoa aibu. Mjomba kalewa, kata. Shangazi kanuna kwa sababu meza yao imewekwa nyuma, kata, weka keki. Bibi harusi analia, na si kile kilio cha furaha, kata haraka weka maua, panda muziki. Shoti zangu hazizidi sekunde tatu nne. Mkato ni huduma, mkato ni kumshika mtazamaji mkono na kumwambia usijali, tunaondoka hapa.

Filamu ninazozisema mimi ni zile ambazo mkato hauji kukuokoa.

Chukua Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, mwongozaji mwanamke wa Ubelgiji, nayo ni ya 1975. Saa tatu na dakika ishirini na moja. Mama mjane Brussels, anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda, mchana anapokea mteja chumbani, jioni anamsubiri mwanawe wa kiume. Kamera imekaa tu, haisogei, haiendi klosapu kuonyesha sura kwa karibu. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi na mama wa watu hajui avipeleke wapi, anazunguka na sufuria, halafu anakaa kumenya vingine, na wewe unakaa naye kiazi kwa kiazi. Hakuna damu pale. Lakini nilipoionyesha, watu walianza kuhema, kuchezea simu, kucheka kicheko cha uoga, mmoja akasema kwa sauti "si akate basi!" na mimi nikafurahi peke yangu gizani kama mchawi. Maana kila mtu chumbani pale ana mama aliyemenya viazi mbele yake maisha yake yote na hakuwahi kumwangalia akimenya hata dakika moja nzima. Mwaka 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki filamu bora ya wakati wote waliitaja hiyo, mara ya kwanza filamu ya mwanamke kushika namba moja kwenye kura inayopigwa kila miaka kumi toka 1952. Mwisho wake siusemi.

Simaanishi kila kinachokera ni sanaa. Kuna waongozaji wanapiga kelele tu, wanakutupia kinyesi usoni wanaita ujasiri. Mimi natumia kipimo cha zamani, mwaka 1961 Mfaransa Jacques Rivette alihakiki filamu moja ya kambi za Wanazi, mwanamke kajirusha kwenye uzio wa umeme kafa, na kamera inasogea mbele taratibu ili maiti ikae vizuri kwenye fremu. Rivette akasema aliyeamua kusogeza kamera pale anastahili kudharauliwa. Yaani maiti imepangwa ipendeze. Nami hujiuliza hivyo hivyo, hii shoti inaniacha na mtu, au inaniringia?

Sasa ugumu. Huwezi kukaa Mwanza ukaongea haya bila kutajiwa filamu ya mapanki. Darwin's Nightmare, 2004, Hubert Sauper wa Austria, sangara wanapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na vichwa na miiba, ndiyo hayo mapanki. Ilifika mpaka kwenye uteuzi wa Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akailaani hadharani na watu wakaandamana hapahapa mjini. Mjomba wangu aliandamana. Mpaka leo hajaiona.

Mimi nimeiona mara tano na kila mara naamka na jibu tofauti. Kama mhariri nasema hivi, kuweka ndege inatua karibu na mtoto mwenye njaa halafu unauliza ndege imeleta nini, huo ni mkato, si ushahidi. Yule rubani anayekiri kubeba silaha anaongelea Angola, haongelei Mwanza. Hapo Sauper simpi maksi. Lakini mapanki yalikuwepo! Nyumbani tumeyala, mama akiyakaanga mpaka miiba inavunjika mdomoni kama biskuti, na mimi nililamba vidole. Halafu nakuja kuona chakula chetu kimepigwa picha kama mwisho wa dunia, funza mpaka kwenye klosapu, ili mtu wa Paris akose usingizi usiku mmoja. Hasira ilinipanda. Na katikati ya hasira nikakumbuka kwa nini hasa tulikuwa tunakula mapanki na minofu ilikuwa inaenda wapi, hasira ikapoteza njia.

Kwa hiyo filamu ile ilimkera nani, na nani alikuwa malighafi tu? Kipimo cha Rivette hapa kinanigeuka, siku nyingine Sauper anafaulu, siku nyingine anafeli, na filamu ni ileile.

Kingine ambacho wapenzi wa hizi filamu hatukisemi. Mwaka juzi nilionyesha filamu ya vita, dada mmoja akatoka nusu, nikajisemea ndo filamu inafanya kazi, ona! Hakurudi tena siku hiyo wala Jumamosi nyingine. Baadaye nikaambiwa alikotoka na aliyoyapitia, nikajiona mjinga. Yeye hakuhitaji kukaziwa macho na mtu yeyote. Toka siku ile natangaza kabla kuna nini ndani, wajuaji wanasema naua sanaa, waache waseme.

Na bado wiki iliyopita ushamba ukanipanda. Kwenye harusi ya Nyakato nikaacha sekunde kumi na moja za mama wa bibi harusi, kila mtu anacheza, yeye kakaa na pochi mapajani anaangalia mlango. Shoti bora niliyoipata mwaka huu. Video ikatumwa, jioni simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile sura yangu pale, itoe."

"Mama, lakini ni nzuri sana ile…"

"Itoe, baba."

Nimeitoa, nimeweka keki. Nilikuwa namdai laki na nusu iliyobaki. Ila futeji sijaifuta.