Hata Daktari Mzoefu Anahitaji Ultrasaundi
Wengi hudhani daktari mzoefu anaweza kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye vena kubwa ya shingoni (mshipa unaorudisha damu moyoni) kwa kupapasa tu. Uzoefu unasaidia kweli: aliyefanya kazi hiyo mara 50 au zaidi husababisha madhara, kama kutoboa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) au pafu, karibu nusu ya asiyefikia idadi hiyo. Ila akichoma mara tatu au zaidi, hatari hupanda takriban mara sita kuliko kwa mchomo mmoja. Amwachie mwenzake, wala si aibu. Kwenye skrini ya ultrasaundi, vena ikikandamizwa kidogo hubonyea, ateri hubaki duara ikidunda. Vidole haviwezi kuona hilo. Na maambukizi yanayoletwa na katheta? Huko Michigan, Marekani, yalishuka mno hospitali zilipofuata hatua tano, kuanzia kunawa mikono, huku wauguzi wakiruhusiwa kumsimamisha daktari yeyote, hata bingwa, aliyeruka hatua.