Chumba kipya kisiibe mwanga wa nyumba ya zamani

Wenye nyumba wakiniita kuongeza chumba, ombi huwa karibu lilelile: kibandikwe nyuma, ukuta mzima uwe kioo. Kabla sijakunjua ramani, naenda kwanza kusimama katikati ya nyumba, kwenye chumba ambacho dirisha lake litazibwa. Hicho ndicho kitakacholipia.

Mwanga wa dirisha la ukutani hauendi mbali. Kwa kipimo chetu cha haraka, hufika ndani kama mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha, ukibahatika mbili na nusu. Dirisha linaloishia mita 2.1 huangaza mita 4 au 5. Kupita hapo, taa huwashwa mchana. Sasa weka mbele yake chumba cha mita 5. Kipya kinang'aa, sebule ya zamani imekuwa korido.

Kwa hiyo hukitenga. Naacha ua mdogo kati ya jengo la zamani na jipya, viunganishwe na ujia mwembamba tu. Mita kadhaa za mraba hupotea (hapo ndipo mabishano huanza), lakini madirisha ya zamani yanabaki na kazi yake, na hewa inapita. Kiwanja kikibana, hupandisha paa la chumba kipya na kuweka madirisha marefu ya mlalo juu kabisa ya ukuta. Kutoboa paa huleta mwanga mwingi zaidi, ila jua la saa sita nalo hushukia hapohapo.

Nyumba za mtindo wa usasa, zile za paa bapa za miaka ya 1950 na 1960, zina ugonjwa wao pia. Slabu ya zege hutoka sebuleni moja kwa moja hadi barazani bila kukatika. Inapendeza, lakini joto hupita humo bila kizuizi, na kwenye baridi kona za dari huota ukungu. Kioo kimoja hupitisha wati 5 na ushee kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kioo cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia joto hushuka hadi 1.5 hivi. Mtihani ni fremu. Zile nyembamba za chuma ndizo sura ya nyumba, na ukiweka nene za kisasa umeiharibu.

Kubomoa nakukataa mpaka nishindwe. Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na zege lililosimama limeshatoa yake. Cha kujua ni kama nondo bado ziko salama. Tunachimba kidogo na kupuliza fenolfthaleini, dawa ya kupimia zege kwa rangi, papo hapo: zege zima hugeuka waridi, lililochoka, lisiloweza tena kukinga nondo na kutu, halibadiliki. Waridi ikianza kabla ya kufika kwenye nondo, ziko salama, nami narudi mezani kuchora ule ua.