Mbawakawa wa kunde: rangi isikudanganye

"Mwanangu, hawa si wadudu wawili tofauti?" Mama mwenye shamba la kunde alikuwa ameshika kichupa changu. Mmoja alikuwa wa rangi ya chungwa mwili mzima, mwingine mabawa meusi tii. Nilikuwa nimewatoa kwenye jani moja.

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1829 mtaalamu wa wadudu Sahlberg alimpa mmoja wa mbawakawa hawa jina mutabilis, yaani abadilikaye. Leo ni Ootheca mutabilis. Jina la kwanza, Ootheca, ni la jenasi, yaani kundi la spishi za karibu; tumelipata kwa Mfaransa Chevrolat. (Wanabiolojia hulitumia neno hilohilo kwa kifuko cha mayai ya mende. Huyu wetu si mende.)

Familia yake ni Chrysomelidae, wala majani, yenye zaidi ya spishi 35,000. Mimi huanza na paja la nyuma. Likiwa nene, lina springi ndani: huyo ni mbawakawa-kiroboto, anaruka. La Ootheca ni jembamba. Hata hivyo ni ndugu wa karibu mno, na wataalamu wengi sasa huwaweka wote katika nusufamilia Galerucinae.

Ukifika kwenye spishi, rangi iweke kando. Spishi moja huweza kuwa na wa chungwa, weusi, kahawia na wa rangi mchanganyiko. Kinachoaminika ni umbo la kiungo cha uzazi cha dume, nami hukichomoa kwa sindano chini ya darubini. Mdudu mwenyewe ana milimita sita hivi, kwa hiyo ukipiga chafya umempoteza.

Usumbufu huu una faida shambani. Ootheca bennigseni, aliyeelezwa na Weise mwaka 1900, hushambulia maharage kaskazini mwa Tanzania na huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Funza hula mizizi, hugeuka pupa udongoni, na mbawakawa waliokomaa hubaki humohumo kiangazi kizima wakingoja mvua. Ndiyo maana kulima mara baada ya kuvuna huwaanika juani, na kuchelewa kidogo kupanda huipa miche nafuu.

Mutabilis ana ubaya wa ziada: hueneza kirusi cha batobato ya kunde, ugonjwa unaoacha mabaka ya njano kwenye majani.

Wale wa kichupani walikuwa mutabilis wote wawili, madume. Nilipompigia mama simu, jina halikumshughulisha. Alitaka kujua kama ndio waliomletea mabaka ya njano kwenye majani. Nilimwambia ninawashuku hao kwanza.