Mshauri si dalali

Msimu wa matokeo ya Kidato cha Nne mlango wangu hapa Chake Chake haufungwi. Mzazi ataingia, salamu ndefu, kisha: "Maalim, hebu mwambie huyu aende Form Five. Akisikia kwako atakubali." Hakuja kuuliza, kaja kukodi mdomo wangu.

Anayeshauri huku ana chake ndani ni dalali. Skuli yenye Form Five haipendi kuwaachia wanafunzi wake hodari. Chuo kinachokuja na fulana na kalenda kinatafuta ada. Na mimi, niliyesomesha fizikia miaka na miaka, nikimwona mtoto wa hesabu nzuri ulimi unaniwasha kumtajia PCM, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Udalali huu wangu ndio naouogopa zaidi, maana haukuvaa fulana.

Kijana mmoja wa Wete, C ya hesabu na C ya fizikia, alitaka ufundi wa mafriji na viyoyozi. Ami yake alitaka injinia. Nikachukua karatasi tukaandika njia zote, hata zisizompendeza ami. Form Five na Six miaka 2, apate principal mbili, yaani ufaulu kamili katika masomo mawili yanayotakiwa, kisha digrii ya uhandisi miaka 4. Au stashahada ya ufundi, kama ya Taasisi ya Karume kule Mbweni: ufaulu wa masomo 4 yasiyo ya dini, na boti na pahala pa kulala Unguja. Au kituo cha mafunzo ya amali (ufundi stadi) Vitongoji, hapa hapa Pemba. Asichokijua ami ni kwamba stashahada yenye alama nzuri nayo hufikisha kwenye digrii. Alinyamaza kitambo.

"Maalim, ungekuwa wewe?" kijana akauliza. Nikamwambia mimi siye nitakayefungua hizo kompresa. Akakae kwanza na fundi.

(Kwa wasichana wanaotaka uuguzi mambo huanza mapema zaidi. Stashahada yake inataka kemia, baiolojia na fizikia, na wengi fizikia wameshaiacha walipoingia Kidato cha Tatu. Mwezi wa matokeo nitawashauri nini?)

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii aliulizia umeme wa jua. Ami alikuja naye, ile karatasi kaikunja mfukoni, na pembeni kajaza hesabu za nauli.