Dawa isiyopatana na maji, na kibebeo chake

Ukitia nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya atomu za kaboni, kwenye maji, haziyeyuki. Unga mweusi kama masizi hushikana mabonge. Mengine yanaelea, mengine yanatuama, na utatikisa chupa mpaka mkono uchoke. Wengi wakisikia kwamba mirija hii inaweza kubeba dawa za saratani hudhani kazi ni kuijaza dawa kwenye tundu lake. Mara nyingi dawa hukaa nje, juu ya ukuta. Na ugumu wenyewe huanzia kwenye maji.

Chukua paklitakseli, dawa ya saratani iliyopatikana kwenye magome ya mti wa Taxus brevifolia. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake mwaka 1971, na Marekani ikaiidhinisha kwa saratani ya ovari mwaka 1992. Seli inapogawanyika, nyuzi zinazoitwa mikrotubuli hurefuka na kufupika ili kutenganisha kromosomu. Paklitakseli huzikaza zisifupike, na seli hukwama katikati ya kazi hiyo, kisha hufa. Dawa kali namna hiyo haipatani kabisa na maji. Ili ipite kwenye dripu iliyeyushwa kwa alkoholi na Cremophor EL, kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya nyonyo, ambacho kinaweza kuleta mzio mkali. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kwanza steroidi na dawa za kuzuia mzio. Yaani anakingwa dhidi ya kile kilichobeba tiba yake. Jambo hili ndilo lililonivuta kwenye utafiti wa vibebeo.

Sasa, kwa nini tutafute msaada kwa mrija ambao nao haupatani na maji? Kwa sababu ya ukuta wake. Nanotyubu ya ukuta mmoja ina kipenyo cha nanomita 1 au 2 hivi, na kila atomu yake iko usoni, kwa hiyo kitu kidogo mno kina nafasi kubwa ya kushikia mzigo. Maji tunayatatua kwa kuivika koti: molekuli zenye mkia wa mafuta na kichwa cha polietilini glikoli, kinachopatana na maji. Mawimbi ya sauti yanapoyatawanya mabonge, mikia hukumbatia ukuta na vichwa hugeukia maji. Ukizungusha kwa kasi na kuondoa masalia, unabaki na kimiminika cheusi kama wino. Nimewahi kukiacha rafini wiki kadhaa, nikarudi nikainamisha chupa kwenye mwanga: hakuna hata chembe iliyotuama.

Kupakia dawa kunategemea umbo lake. Kamptotesini, dawa nyingine ya saratani, ya mti wa Camptotheca acuminata, ni bapa na ina pete nyingi za atomu, hivyo hujilaza yenyewe juu ya ukuta. Paklitakseli imejaa mabonde na vilima. Ni afadhali kuifunga kwenye ncha ya koti kwa kifungo cha esta. Mwaka 2008 kundi la Hongjie Dai huko Stanford lilifanya hivyo, na katika panya wenye saratani ya matiti uvimbe ulipokea paklitakseli mara 10 ya ile iliyofika kwa Taxol ya kawaida, yaani paklitakseli iliyoyeyushwa kwa Cremophor EL. Yalikuwa matokeo mazuri, ila tusiyapokee harakaharaka. Kifungo cha esta hukatwa na vimeng'enya, na damu ya panya ina kimeng'enya cha kaboksilesterasi kwa wingi ilhali plazima ya binadamu haina. Saa ya kuachia dawa kwa panya si lazima iwe saa hiyohiyo kwetu.

Halafu mrija wenyewe unakwenda wapi baada ya kushusha mzigo? Sehemu kubwa huishia kwenye ini na bandama. Mwaka huohuo wa 2008 watafiti walionyesha kwamba nanotyubu ndefu zenye kuta nyingi, zikiwekwa kwenye tumbo la panya, huamsha inflamesheni (uvimbe wa kinga ya mwili, si wa saratani) ya aina ile inayoletwa na asbestosi, kwani seli za kinga hushindwa kuzimeza. Fupi hazikufanya hivyo. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba mieloperoksidasi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, kinaweza kuzivunjavunja. Bado hakuna dawa ya saratani iliyobebwa na nanotyubu iliyoidhinishwa kwa wagonjwa, na nadhani kusita huko ni halali.

Ndiyo maana nikipata utafiti mpya siendi moja kwa moja kwenye picha ya uvimbe uliosinyaa. Naangalia kwanza urefu wa mirija, kisha kiasi cha chuma na nikeli kilichobaki kutoka kwenye kichocheo cha kuitengeneza. Visipotajwa, nawaandikia waandishi kuuliza.