Je, wajua kwa nini hisa ileile ilimuumiza mmoja na kumfaidi mwingine?

Machi 28, 2008, mwezi mmoja kamili baada ya Kibaki na Raila kutia saini mkataba wa amani, Wakenya walianza kupanga foleni. Serikali ilikuwa inauza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Fomu zilijazwa kwenye benki na kwa madalali wa hisa: akina mama wa chama, walimu, wenye maduka, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa hata moja maishani. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo watu wakapewa sehemu ndogo tu ya walichoomba na kurudishiwa pesa zilizobaki. Waliokuwa wamekopa walijikuta wanalipa riba hata kwa pesa iliyorudi mikononi mwao bila kununua chochote.

Ukiuliza leo kama hisa zile zilikuwa biashara nzuri, utapata majibu yanayopingana kabisa, na wote wanaokujibu wanasema kweli. Hilo ndilo linalonivutia, kwa sababu bei ilikuwa moja kwa kila mtu.

Tuwachukue walimu watatu wa kufikirika, na tuseme kila mmoja aliishia na hisa 10,000, yaani shilingi 50,000. Wa kwanza ana mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwaka unaofuata, na pesa hiyo ndiyo karo. Wa pili amekopa kwenye sacco, anakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wa tatu ana miaka 45, hana deni, ana akiba nyingine ya dharura, na elfu 50 hizi ameziweka kwa ajili ya kustaafu akitimiza miaka 60, mwaka 2023.

Siku hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, mwezi Juni, bei ilipita shilingi 7, na furaha ikawa kubwa. Haikudumu. Msukosuko wa fedha duniani ulifika hata Nairobi, na mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa inacheza karibu na shilingi 3. Mwalimu wa kwanza hakuwa na la kufanya. Shule haingoji soko lipate nafuu. Akiuza kwa shilingi 3 anapata elfu 30, amepoteza asilimia 40 ya pesa yake. Na hapa kuna hesabu ambayo watu wengi huikosea: ili elfu 30 zirudi kuwa elfu 50, kupanda kwa asilimia 40 hakutoshi. Zinahitaji kupanda kwa asilimia 67 hivi. Shimo huwa refu zaidi kulipanda kuliko kulitumbukia.

Mwalimu wa pili naye, ingawa hakuwa na karo ya kulipa, alikuwa na tarehe ya kila mwisho wa mwezi. Pesa ya mkopo ina kalenda yake, na soko lina kalenda yake, na hazijuani. Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba mtu wa kipato cha kawaida asinunue hisa kwa mkopo, hata kampuni ikisifiwa namna gani.

Mwalimu wa tatu alipoona shilingi 3, aliumia moyo kama wenzake. Lakini hakuna kilichomlazimisha kuuza. Hasara yake ilikuwa kwenye karatasi. Alikuwa na miaka 14 mbele yake, na kila mwaka kampuni ilikuwa inamtumia gawio, yaani fungu lake la faida. Agosti 2021 bei ikapita shilingi 40: hisa zake zikawa na thamani ya zaidi ya laki 4.

Kwa hiyo hatari haikai ndani ya hisa peke yake. Hukaa katikati, kati ya mwendo wa bei na siku utakayohitaji pesa. Mshauri yeyote anayekuambia uwekezaji fulani ni salama au ni hatari kabla hajakuuliza pesa hiyo unaitaka lini, amekujibu swali ambalo hajalijua.

Basi si afadhali kukaa mbali na soko kabisa? Watu wengi wamechagua hivyo, na siwalaumu. Ila pesa iliyotulia nayo inaliwa, polepole, bila kelele. Mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 19.7 mwezi Novemba 2011. Hata tukichukua kiwango cha kawaida cha asilimia 7 kwa mwaka, shilingi 100,000 ulizozifungia sandukuni leo zitanunua baada ya miaka 10 vitu vya kama elfu 51 tu vya leo. Kwa pesa ya karo ya Januari, mfumuko wa miezi michache ni jambo dogo. Kwa pesa ya uzeeni, huo ndio mchwa mkubwa kuliko wote, na kuukimbia msukosuko wa soko ni kumwachia mchwa nyumba.

Dhamana za serikali za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu hivi, zina uzuri wake, kwani unajua mapema utapata nini. Lakini riba yake haikai palepale. Mwaka 2024 ilipita asilimia 15, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa tayari chini ya 10. Kwa hiyo aliyepanga uzee wake akidhani asilimia 15 ni ya kudumu atalazimika kupanga upya. Hatifungani, yaani mikopo ya miaka mingi unayoipa serikali au kampuni, hukufungia riba kwa muda wote huo, ila ukitaka kuziuza kabla ya siku yake unakutana na bei ya soko, ambayo huenda isikufurahishe.

Sasa turudi kwa mwalimu wa tatu, maana kisa chake hakikuishia 2021. Alikuwa amejifunza kusubiri, basi akaendelea kusubiri. Ukafika mwaka wa kustaafu, 2023, na hisa ileile ikashuka hadi chini ya shilingi 15. Zile laki 4 zikawa hazifiki laki moja na nusu. Kwa mfumuko wa asilimia 7, kitu cha shilingi 50,000 mwaka 2008 kinagharimu karibu 138,000 baada ya miaka 15. Ukiacha gawio alilokusanya njiani, alikuwa amerudi karibu pale alipoanzia.

Kosa lake lilikuwa moja. Mwaka 2008 alikuwa na miaka 15 ya kungoja, mwaka 2021 amebakiwa na miwili, na bado pesa yake yote ilikuwa imekaa kana kwamba muda haujasogea. Uvumilivu uliomwokoa mwanzoni ndio uliomponza mwishoni. Laiti kuanzia 2018 angekuwa anauza hisa 2,000 kila mwaka na kuhamishia pesa kwenye dhamana za serikali! Katika miaka hiyo mitano bei haikushuka chini ya shilingi 20, hivyo angefika 2023 na zaidi ya laki 2, bila kuhesabu riba, na bila kubahatisha kilele cha soko ni lini.

Kuna hatari moja ambayo muda hauiponyi. Mwaka 2001 hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 6.25. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na uuzaji wa hisa zake sokoni ukasimamishwa. Aliyesubiri miaka 18 kwa kampuni hiyo moja alisubiri bure. Kinga ya hilo ni kutawanya: kampuni kadhaa za sekta tofauti, au mfuko wa pamoja unaokununulia nyingi kwa mara moja, pamoja na hatifungani.

Ukitaka kuanza, chukua daftari, andika kila lengo na mwaka wake, kisha hesabu miaka iliyobaki. Mtoto aliye Gredi ya 1 leo ataingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, baada ya miaka 9, kwa hiyo sehemu nzuri ya akiba yake inaweza kukaa kwenye hisa kwa sasa. Akifika Gredi ya 7, anza kuhamisha theluthi kila mwaka kwenda kwenye dhamana za serikali. Siku anapofunga sanduku lake kwenda bweni, karo iwe tayari imeshatoka sokoni.