Laptopu ya bei kubwa ikiwa nzito, dawa si kupiga Windows

"Fundi, imekuwa nzito, nipigie Windows." Ombi hili, la kuifuta Windows na kuiweka upya, linasikika kuanzia Darajani, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, na anayelitoa aghalabu ameshika mashine ya mamilioni, XPS ya Dell au ThinkPad nyembamba iliyotoka Dubai. Fundi asiyetaka maneno anapiga, anachukua chake. Siku mbili laptopu inakwenda, ya tatu iko pale pale.

Kwenye laptopu nyembamba ya bei kubwa, uzito wa ghafla mara nyingi ni prosesa (CPU, ubongo wa mashine) iliyojipunguza kasi yenyewe kwa sababu ya joto au chaja. Windows mpya haitoi vumbi wala haiongezi wati.

Pima kabla hujalipa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, chagua CPU, uangalie namba ya Speed huku mashine ikifanya kazi nzito. Ikiganda kwenye 0.4 au 0.8 GHz na haipandi hata uifanyeje, mshuku chaja. Ikianza na 3 au 4 kisha ikaporomoka baada ya dakika chache feni zikipiga kelele, hilo ni joto. Kushuka kidogo baada ya nusu dakika hivi si ugonjwa, prosesa za Intel zimeundwa kukimbia mwanzo kisha kutulia. Kasi ikiwa nzuri na mashine bado inajikokota, tazama Memory na Disk: huenda RAM imejaa, au SSD imebakiwa na nafasi kiduchu. Virusi vije mwisho, pale CPU inapotumika asilimia 80 na wewe hujafungua kitu.

Chaja kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuijaribu. Chaja za Dell za kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Pini ikipinda au chaja ikiwa bandia, laptopu inaonya kwamba haiijui, inakataa kuchaji betri, na inaifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Watu wanabonyeza kitufe kuliondoa onyo lile, kisha wanalalamikia Windows. Chomoa chaja utumie betri peke yake. Kasi ikipanda, umeshampata mwizi. Za USB-C nazo zina mambo yao. XPS 15 imezoea chaja ya wati 130, wewe unaichomekea ya 45. Waya wenyewe pia una kikomo: usio na chipu ya utambulisho unapitisha wati 60 tu, hata chaja iwe ya 100. Soma maandishi ya Output, zidisha volti kwa ampea: 20 mara 3.25 ni wati 65. Hesabu ya skuli ya msingi hiyo.

Joto ndilo linaloua mashine nyingi visiwani, na hapa vumbi halina ubaya wa peke yake. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75; ndiyo maana chumvi ya mezani hulowa kikoponi wakati wa masika. Ndani ya laptopu chumvi hiyo inalishikanisha vumbi likawa tabaka gumu kati ya feni na mapezi ya kupozea. Kwa nje huoni kitu. Kupuliza kwa blowa kupitia matundu hakulitoi, kunalisukuma tu pembeni.

Usafi wa kweli ni kufungua. Zima, chomoa chaja, toa skrubu za chini (za XPS nyingi ni Torx T5, zenye kichwa cha nyota), na kabla ya kugusa chochote chomoa soketi ya betri. Toa feni, lifute tabaka lile kwa brashi laini. Ukipuliza, yazuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, maana beringi huharibika. Pesti ya zamani ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa ifutwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ipakwe mpya nyembamba ikiufunika uso wote wa chipu. Skrubu za bomba la shaba zina namba, 1, 2, 3, 4; zikazwe kwa mpangilio huo, kidogo kidogo. Vile vipande laini vinavyokaa juu ya chipu nyengine vina unene maalumu. Fundi akiweka cha milimita 1 mahali pa 0.5, shaba inanyanyuka juu ya prosesa na joto linazidi la mwanzo. Na kama yako ni ya michezo ya video iliyotiwa metali ya maji kiwandani, asiifungue mtu asiyeijua: metali ile inapitisha umeme na inakula alumini.

Kuna wanaosema mashine ghali haiwezi kupatwa na haya. Julai 2018 MacBook Pro ya Core i9, ya bei ya juu kabisa, ilionekana ikishuka chini ya kasi yake ya msingi ya 2.9 GHz kwa joto, hadi Apple wakatoa marekebisho ya programu mwezi huo huo. Ukitaka wembamba, unalipa kwa joto.

Ikibidi kweli kupiga Windows, usikubali ya kuvunja leseni. Laptopu zilizokuja na Windows kuanzia toleo la 8 kwa kawaida zina ufunguo wake ndani ya bodi. Weka toleo lile lile, unganisha intaneti, itajisajili. Vijiprogramu vya kuvunja leseni ni mlango mmojawapo wa virusi unavyovikimbia. Na draiva (programu za kuendeshea vifaa vya mashine) zitoke kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kwenye kibodi, ubishi mkubwa ni mchele. Chai ya maziwa imemwagika, mtu anaifukia laptopu kwenye mchele siku tatu. Mchele uache upikiwe pilau. Maji yatakauka hata bila huo, ila sukari, maziwa na chumvi vinabaki, na betri ya ndani inaendelea kupeleka umeme kwenye bodi hata mashine ikiwa imezimwa. Kutu ya kijani inaota hapo. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, igeuze kibodi iangalie chini ikiwa wazi nusu, usiitikise, usiipulizie hewa ya moto. Ifunguliwe siku ile ile, betri ichomolewe, bodi ioshwe kwa isopropili ya 99. Ile ya 70 ina maji ndani yake. Kuiwasha "kujaribu tu" ndiko kunakoiua.

Vitufe vya MacBook nyingi za 2015 hadi 2019 vinavyojirudia herufi au kugoma si lazima viwe vimemwagiwa kitu. Kibodi yao, iitwayo ya kipepeo (butterfly), ina nafasi ndogo mno chini ya kitufe, chembe moja ya mchanga wa Paje inatosha. Apple walianzisha matengenezo ya bure Juni 2018, kwa miaka 4 tangu mashine iliponunuliwa, kwa hiyo usitegemee tena. Iinamishe, ipulize kwa hewa ya kopo, usiking'oe kitufe kwa bisibisi. Kibodi imepigwa riveti kwenye ganda la juu, na betri imegundishwa hapo hapo, ndiyo maana bei ya kubadilisha inashtua.

Kibodi iliyonyanyuka katikati, au tachipadi isiyobonyeka, si kosa la kibodi. Ni betri iliyovimba. Acha kuitumia leo.

Kifuniko cha silikoni? Kinafungia unyevu juu ya vitufe, na kwenye laptopu nyembamba kinabana kioo ukifunga. Kuongeza RAM? Kwenye MacBook za miaka ya karibuni na XPS 13 imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Na "i7 ni bora kuliko i5" ni maneno ya wauzaji: i7-7500U ina koa (core, viini vya kuchakata) 2, i5-8250U iliyokuja mwaka mmoja baadaye ina 4. Soma namba yote, si herufi ya mbele.